Ngao Tano Katika Dirisha la Kilwa

Ndugu msomaji, kama una kalenda ukutani hebu itazame tarehe 25 Julai. Kwetu Tanzania hiyo ni Siku ya Mashujaa. Viongozi wanakwenda kwenye mnara, wanaweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale na shada la maua, kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi hii. Wakatoliki nao siku hiyo hiyo wana sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume. Na huko Ureno, wapenda historia wana kumbukumbu yao nyingine: pigano la Ourique la mwaka 1139. Kwa karne nyingi Wareno walifundishwa kwamba siku hiyo taifa lao lilizaliwa, mbele ya majeshi ya Waislamu, kwa ahadi ya Kristo mwenyewe.

Najua utaniuliza: wewe kijana wa Mitwero, hapo nje kidogo ya Lindi mjini, umefuata nini Ureno ya karne ya 12? Swali la haki. Jibu lake liko Kilwa Kisiwani, ndani ya mkoa wetu huu huu wa Lindi. Tarehe 24 Julai 1505, mkesha wa sikukuu ya Yakobo, Wareno waliingia Kilwa kwa nguvu. Ngome waliyoijenga pale wakaiita Santiago, yaani Mtakatifu Yakobo. Jina hilo hawakuliokota njiani. Walitoka nalo kwao, pamoja na bendera yenye ngao tano za Ourique.

Shuleni Wareno tulifundishwa kwa pointi. Sababu za kuja kwao: moja, mbili, tatu. Athari za utawala wao: moja, mbili, tatu. Ngome ya Yesu kule Mombasa, 1593. Kufukuzwa, 1698. Ukishapanga pointi zako sita umepata alama, unafunga daftari. Lakini pointi hazisemi jamaa wale walibeba nini vichwani mwao. Merikebu hubeba mizinga, hubeba na hadithi, na mara nyingi hadithi ndiyo inayomwambia mwenye mzinga kwamba ana haki ya kuufyatua.

PIGANO LENYEWE

Tuanze na wakati ule. Nchi tunazoziita leo Hispania na Ureno zilikuwa zimegawanyika. Waislamu walivuka kutoka Afrika ya Kaskazini mwaka 711, wakatawala sehemu kubwa. Falme ndogo za Kikristo zikabaki upande wa kaskazini, na kwa mamia ya miaka zikawa zinasogea kusini kidogo kidogo. Ilipofika mwaka 1139 wenye nguvu upande wa Waislamu walikuwa Al-Murabitun, dola iliyoanzia jangwa la Sahara, ikashika Morocco, kisha ikavuka bahari. Upande wa pili alikuwepo Afonso Henriques, mtu wa miaka kama thelathini, mtawala wa Ureno changa, makao yake Coimbra. Hakuwa mfalme bado.

Tarehe 25 Julai wakakutana, na Afonso akashinda. Baada ya hapo akaanza kujiita mfalme. Mwaka 1143 binamu yake, mfalme wa León, akakubaliana naye kwa mkataba wa Zamora, na mwaka 1179 Papa akamtambua rasmi. Mambo yote hayo yanaeleweka kabisa bila muujiza wowote: kamanda ameshinda vita, amepata jina, ametumia jina lake kupata kiti.

Sasa sikiliza hadithi. Inasema usiku wa kuamkia pigano, Afonso aliona mwanga mbinguni na Kristo msalabani, akaahidiwa ushindi yeye na kizazi chake. Asubuhi akawashinda wafalme watano wa Waislamu. Kwa kumbukumbu hiyo ngao ya Ureno ikawekwa ngao ndogo tano za buluu zilizopangwa kama msalaba. Ndani ya kila moja mna vidoti vyeupe. Wengine wanasema zile tano ni majeraha matano ya Kristo, wengine wanahesabu vidoti mpaka wapate vipande thelathini vya fedha vya Yuda. Ngao hizo zipo mpaka leo. Tazama bendera ya Ureno, ile ya kijani na nyekundu iliyoanza kutumika 1911, utaziona katikati. Hata kwenye jezi ya timu yao ya taifa ya mpira zipo, kifuani.

Ndivyo Ourique ilivyokuwa alama: Mkristo mmoja mwenye watu wachache, amezungukwa, anakataa kusalimu amri. Ni picha ya kujihami. Kijana yeyote akiisikia damu inachemka.

Lakini fungua ramani. Ourique ya mapokeo iko kusini kabisa ya Ureno, wakati mpaka wa Afonso ulikuwa mbali sana kaskazini. Wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu mahali halisi pa pigano, lakini kama ni huko kusini, basi Afonso hakuwa nyumbani kwake akilinda mlango. Alikuwa ndani ya nchi ya wenzake, kwenye msafara wa kuvamia. Hapo pana jambo la kushika, msomaji, tutalirudia tukifika Kilwa.

HADITHI INAPOPATA NGUVU

Jambo la pili ni tarehe. Masimulizi ya mwanzo ya pigano lile, yaliyoandikwa karne ile ile ya 12, hayasemi kwamba Kristo alitokea. Muujiza unaingia katika maandishi mwanzoni mwa karne ya 15, karibu miaka 300 baadaye. Sasa jiulize: Ureno ya karne ya 15 ilikuwa inamwogopa nani? Mji wa mwisho wa Waislamu kusini mwa Ureno ulikuwa umetekwa tangu 1249. Kulikuwa hakuna tena jeshi la Waislamu la kuwatoa katika ardhi yao.

Kilichokuwepo kilikuwa bahari. Mwaka 1415 Wareno walivuka wakateka mji wa Ceuta, pwani ya Afrika ya Kaskazini. Yaani hadithi ya kujihami iliota nyama wakati ule ule ambapo wenyewe walikuwa wanatoka kwenda kuvamia. Hapo utaona kazi yake. Mtu anayekwenda kuchukua mji wa mwenziwe hapendi kujiita mvamizi. Anataka kuamini kwamba bado yuko Ourique, bado wachache, bado amezungukwa, hata kama sasa yeye ndiye mwenye mizinga.

Naye Mtakatifu Yakobo alipitia njia hiyo hiyo. Katika Injili ni mvuvi wa Galilaya, mwana wa Zebedayo, anaacha nyavu kumfuata Yesu. Lakini Hispania walimvalisha deraya. Wakasimulia kwamba mwaka 844 mfalme Ramiro alikataa kuwalipa Waislamu ushuru wa wasichana mia moja kila mwaka, vita vikatokea huko Clavijo, na Yakobo akashuka juu ya farasi mweupe, upanga mkononi, akawafyeka maadui. Wanahistoria wa leo wanasema pigano hilo halikuwepo, na hadithi yake inaonekana katika karne ya 12. Hata hivyo jina la Santiago likawa ukelele wa vita.

Kumbuka kiini cha hadithi ya Clavijo: mtu mdogo anakataa kulipa ushuru kwa mkubwa, na mtakatifu anakuja kumsaidia yule anayekataa. Liweke hilo kichwani, twende Kilwa.

KILWA, MSIMU WA KUSI

Wakati Afonso anapigana Ourique, Kilwa ilikuwa inainuka. Sehemu ya kaskazini ya ule Msikiti Mkuu, ambao magofu yake yanasimama mpaka leo, ni ya karne ya 11 na 12. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliusifu mji. Utajiri wake ulitokana na dhahabu ya Sofala, kusini, iliyopitia mikononi mwa Kilwa kwenda Arabuni na India. Vikombe na sahani za Kichina, nguo za India, nyumba za mawe za ghorofa: mji ulikuwa mji.

Lakini tusiupake asali. Mwanzoni mwa karne ya 16 wakubwa wa Kilwa walikuwa wanagombana wenyewe. Aliyeshika madaraka, Amiri Ibrahim, hakuwa wa ukoo wa masultani. Alichukua nafasi baada ya Sultani al-Fudail, ambaye Wareno wanaandika kwamba Ibrahim alimuua. Na mashambani mwa mji ule wa kupendeza walilima watumwa. Nasema hivi kwa sababu mwandishi akiona maovu ya upande mmoja tu, ujue anatunga Ourique nyingine.

Mwezi Julai 1502 Vasco da Gama alikuja na kundi la merikebu akatisha kuuchoma mji. Ibrahim akakubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa ushuru wa dhahabu kila mwaka. Kwa malipo ya kwanza kiwango kinachotajwa mara nyingi ni mithkali 1,500. Da Gama akamwachia bendera ya mfalme wake, ishara kwamba Kilwa sasa ni ya Ureno, kisha akaondoka na dhahabu. Malipo yaliyofuata Ibrahim hakuyapeleka.

Miaka mitatu baadaye, kusi likivuma, akaja Francisco de Almeida na merikebu nane za kundi kubwa lililotoka Lisbon mwezi Machi. Tunayajua mengi ya siku zile kwa sababu ndani ya merikebu São Rafael alikuwemo Mjerumani mmoja, Hans Mayr, aliyeandika habari za safari. Almeida alimtaka Ibrahim aje kumwona. Ibrahim akapeleka mbuzi, ng'ombe, madafu na matunda, na udhuru kwamba ana wageni. Masimulizi ya Wareno yanaongeza udhuru mwingine: paka mweusi alimkatiza njia, si siku njema ya kufanya mapatano. Mimi nikisoma hapo nacheka, maana udhuru wa namna hiyo tunaujua sana pwani. Mtu hataki kuja, na hataki kusema hataki.

Alfajiri ya tarehe 24 Julai kiasi cha watu 500 wakashuka pwani, Almeida na kundi lake, mwanawe Lourenço na lake. Hawakukuta jeshi la maana. Wakapita vichochoroni mpaka kwenye nyumba ya Ibrahim.

Hapo ndipo Mayr anaandika jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko mengine yote. Wakati Wareno wanakaribia nyumba ile, mtu mmoja wa Kilwa alitokea dirishani akiwa na bendera ya Ureno, ile ile aliyoiacha da Gama, akaipeperusha huku akipiga kelele, "Portugal! Portugal!" Wakamwambia afungue mlango. Hakufungua. Wakaanza kuuvunja kwa mashoka. Walipoingia, Ibrahim hayumo. Alikwisha toka.

Msomaji, simama kidogo hapo. Bendera ya mfalme wa Ureno, na alama ya mfalme huyo ndizo zile ngao tano za Ourique. Kwa Wareno ngao zile zilimaanisha: Mungu yuko na sisi tuliozingirwa. Asubuhi ile waliozingirwa walikuwa ndani ya nyumba, na mmoja wao alizichukua ngao hizo akazitumia kwa kazi ambayo ngao imeumbiwa, kukinga. Akazishika dirishani kati ya shoka na watu wake, hata kama ni kwa dakika chache tu. Mayr hakuandika jina lake. Tena nadhani hakuona kilichokuwa kinatokea mbele ya macho yake: kwamba kama kulikuwa na Ourique siku ile, basi ilikuwa upande wa ndani wa dirisha.

Na ule mkasa wa Clavijo je? Ramiro alisifiwa kwa kukataa kulipa ushuru. Ibrahim alikuja kupigwa kwa kosa hilo hilo, kukataa kulipa ushuru. Kwa mantiki ya hadithi yenyewe, Yakobo na farasi wake mweupe walitakiwa waje kupigana upande wa Kilwa. Badala yake jina lake likabandikwa kwenye ngome ya watoza ushuru.

Mayr anaendelea. Mapadre wa Kifransisko wakashuka na misalaba miwili kwa maandamano, wakiimba wimbo wa kumshukuru Mungu. Msalaba ukasimamishwa, Almeida akasali. Baada ya sala watu wakaanza kuupora mji, bidhaa na vyakula. Mambo hayo mawili yako pamoja katika maandishi yake, moja baada ya jingine, na mwandishi haoni haja ya kuvuta pumzi katikati.

NGOME NA TAJI

Siku ya sikukuu yenyewe ujenzi wa ngome ukaanza, na kwa muda wa kama wiki tatu ikasimama. Almeida akamweka mtawala mpya, mfanyabiashara mzee aitwaye Muhammad Ankoni, akamvika taji la dhahabu ambalo kwa kweli lilikuwa limekusudiwa mfalme wa Cochin kule India. Hebu fikiria: taji la mtu mwingine, kwa kiti cha mtu mwingine. Na Ankoni, kwa heshima yake, akaomba kwamba mrithi asiwe mtoto wake yeye, bali mtoto wa Sultani al-Fudail. Katika mkasa mzima huo ndio uungwana mkubwa niliouona, na umetoka kwa mtu ambaye wengi wetu tungemwita kibaraka tukapita. Mwaka uliofuata, 1506, aliuawa.

Biashara nayo ikafa. Dhahabu ya Sofala ilizuiwa isipite Kilwa, na wafanyabiashara wakahama. Ngome isiyo na dhahabu ni gharama tupu. Mwaka 1512 Wareno wakaiacha, wakaondoka. Nani akarudi? Ibrahim yule yule. Mtu aliyekimbia na paka wake mweusi akawa ameipita ngome ya Santiago kwa umri. Jengo la Gereza unaloliona leo ukishuka Kisiwani, ambalo wengi hulisema la Mreno, kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani, kiasi cha mwaka 1800, ingawa inafikiriwa kwamba msingi wake umechukua sehemu ya ngome ya zamani.

DHAHABU ILIKOKWENDA

Sasa tuifuate dhahabu aliyoichukua da Gama, maana ilifika mbali. Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi kanisani. Fundi Gil Vicente akaimaliza mwaka 1506. Leo ipo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale mjini Lisbon, na maandishi kwenye tako lake yanasema wazi kwamba imetengenezwa kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa. Hawakuficha kitu. Kwao ilikuwa sifa.

Katikati ya chombo kile wamepiga magoti mitume kumi na wawili, wadogo wadogo, wametengenezwa kwa dhahabu na kupakwa rangi. Kumi na wawili, kwa hiyo Yakobo yumo. Yule mvuvi wa Galilaya, ambaye jina lake lilikaa juu ya ngome ya Kilwa kwa miaka saba tu, amepiga magoti kule Lisbon zaidi ya miaka 500 sasa, na mwili wake ni dhahabu yetu.

Simwandikii vibaya Mkristo yeyote. Mimi ni mtu wa Lindi, na Lindi unajua tulivyo: katika ukoo mmoja kuna Saidi na kuna Yakobo, na msibani wanachimba kaburi pamoja. Kitu kitakatifu kwa jirani yangu nakiheshimu. Lakini swali la dhahabu ile lina haki ya kuulizwa na Saidi na Yakobo wote wawili, maana wote ni wa pwani hii.

MRENO ALIYETHUBUTU

Haki inataka pia nimtaje Mreno mmoja. Mwaka 1846 Alexandre Herculano alitoa juzuu ya kwanza ya historia yake ya Ureno. Alipofika Ourique aliandika pigano, akauacha muujiza nje, maana hakuona ushahidi wake. Weee! Kasheshe. Mapadre walimshambulia mimbarini na magazetini, ikaonekana kwamba anayegusa hadithi ile amelisaliti taifa na Mungu kwa pamoja. Herculano hakurudi nyuma, na mwaka 1850 akawajibu kwa maandishi.

Nyinyi mnaotaka kuandika, jueni kwamba huyu bwana alikuwa pia mtunzi wa riwaya. Alitunga riwaya za zama zile zile za kati, za mapanga na watawa. Alijua utamu wa kubuni. Kwa hiyo alijua pia tofauti: riwaya inamwambia msomaji mapema kwamba ni riwaya, lakini hadithi ya taifa inataka uiamini kwanza, kisha uende ukamvunjie mtu mlango kwa shoka. Alipofariki, miaka michache baadaye alizikwa upya kwa heshima katika Monasteri ya Jerónimos, Lisbon, humo humo alimo Vasco da Gama, na ndiyo monasteri iliyokuwa na ile monstransi ya dhahabu ya Kilwa. Aliyeleta dhahabu na aliyekataa muujiza wako chini ya paa moja.

SURA ZILIZOBAKI

Na sisi je? Kilwa ilikuwa na mwandishi wake. Kuna kitabu cha Kiarabu cha historia ya Kilwa, kilichoandikwa karne ya 16. Mwandishi anasema alizaliwa mwaka 904 wa Hijria, sawa na 1499. Kwa hesabu hiyo, Almeida alipoingia mjini yeye alikuwa mtoto wa miaka sita. Aliahidi sura kumi. Nakala iliyotufikia, iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 na kupelekwa Uingereza, inaishia sura ya saba.

Sura hizo saba zinafika mpaka Wareno wa mwanzo. Zinasimulia jinsi wenye akili walivyotambua mapema kwamba wageni hawa wamekuja kuichungulia nchi ili waichukue. Zinasimulia pia merikebu za Cabral mwaka 1500, zilipoomba maji. Watu wa Kilwa wakateka maji, wakayabeba hadi pwani, wakawaita wageni waje. Kabla hawajafika, mtumwa mmoja mkubwa wa amiri akaamuru maji yaondolewe. Wageni wakakuta patupu, wakarudi merikebuni na hasira. Hakuna malaika pale, hakuna farasi mweupe. Kuna viriba, wapagazi, jua, na ujanja wa pwani. Baada ya kidogo maandishi yanakatika. Siku ya tarehe 24 Julai 1505, kwa kalamu ya mtu wa Kilwa, haimo katika nakala hiyo.

Ndiyo maana habari ya dirisha tumeipata kwa Mjerumani aliyekuwa upande wa mashoka. Na habari za wafalme wetu wengi tunazipata kwa João de Barros, Mreno, aliyechapisha kitabu chake 1552 bila kuishi Kilwa hata siku moja. Tunawalaumu Wareno kwa dhahabu, sawa. Lakini kwa karne nyingi tumewaachia na usimulizi, na huo hakuna aliyetupora kwa mizinga.

Sasa washkaji, tunaotaka kuandika riwaya za kihistoria, tuna kishawishi mbele yetu. Ni rahisi sana kumgeuza Ibrahim akawa Afonso wetu: mumwondolee uchu wa madaraka, mumfutie watumwa wake, mumpe njozi usiku wa kuamkia vita. Vijana watapiga makofi. Halafu mjukuu wa wapiga makofi hao ataichukua hadithi hiyo siku moja amtoe nayo jirani yake nyumbani, akisema anajihami. Ourique imetuonyesha kwamba hadithi ya mtu aliyeonewa haifi pale uonevu unapokwisha. Inatafuta kazi nyingine, na kazi inaipata.

Mimi ningeanza na yule wa dirishani. Alikuwa nani pale nyumbani: mlinzi, mtumishi, ndugu? Bendera ilikuwa inatunzwa wapi miaka ile mitatu, sandukuni au ukutani? Nani alimwambia aitoe? Alipolitamka lile neno geni, ulimi wake ulilipotosha? Na mlango ulipoanguka, yeye alikimbilia wapi? Hapo riwaya ina nafasi, maana yote hayo ni ya kubuni na msomaji atajua ni ya kubuni. Tarehe, mashoka, dhahabu na taji la Cochin viachwe kama vilivyo.

Tarehe 25 Julai ikifika tena, na mkuki na ngao vikiwekwa kwenye mnara, tuwakumbuke mashujaa wetu kama inavyostahili. Na siku moja kabla yake, tarehe 24, atakayekuwa na karatasi akae aandike. Sura ya nane bado ni nyeupe.